Jozi Tano Mezani, na Moja Imenipagawisha

Nitangulize hukumu, maana siwezi kuizuia: katika jozi tano za karata zilizoko mezani kwangu, jozi fupi ya Kifaransa, ile ya karata 32, ndiyo iliyonipagawisha. Nilitarajia iwe nyingine. Nilitarajia ile yenye picha za meli na jeneza, au ile ya Kirusi yenye mabibi waliojipamba kwenda dansani ikulu. Wapi! Ni hizi hizi za kawaida, ambazo Wafaransa huchezea beloti jioni wakibishana. Zitandaze kwa kutazamia uone: zinajaa watu! Na mimi nikitazama karata nataka watu.

Wapo watakaoguna. Najua msimamo wa msikiti na wa kanisa kuhusu ramli za kila namna, wala sina ubishi nao. Asiyetaka kutazamiwa asome haya kama mapitio ya vyombo tu. Lakini vyombo hivi vina historia, vina kanuni, vina wachoraji na viwanda, na tofauti ya jozi na jozi ni kubwa mno kwa mtu kusema karata ni karata.

Twende kwenye hesabu kwanza, kwa sababu humo ndimo utamu ulimojificha. Jozi tuliyoizoea ya 52 ina picha 12: wafalme wanne, malkia wanne, maghulamu wanne. Zitoe zote za 2 hadi 6, unabaki na 32, na picha ni zile zile 12. Umeona? Watu waliokuwa chini ya robo ya jozi sasa wamezidi theluthi. Ukitandaza karata tatu kutoka jozi ya 52, takriban mara 45 katika kila 100 hutapata mtu hata mmoja, ni namba tupu zinakukodolea macho. Kwa jozi ya 32 hali hiyo hutokea mara 23 hivi. Hakuna uchawi hapo, ni idadi tu, lakini idadi hiyo inageuza kabisa mazungumzo.

Wifi yangu ndiye aliyenionyesha hilo bila kukusudia. Alikuja na swali la fremu ya duka anayotaka kuikodi, mwenye fremu anadai kodi ya mwaka mzima, na yeye moyo haujatulia. "Wifi, nitazamie, kujifurahisha tu," akasema, "lakini uniambie ukweli." Nikaanza na 52. Ikatoka 4 ya uru, 9 ya pau, 2 ya kopa. Nikasoma kama nilivyofundishwa na vitabu: pesa za kubana, shughuli inayoendelea, mapatano ya watu wawili. Akanitazama kama mtu aliyesomewa risiti. "Sasa mwenye fremu mwenyewe yuko wapi hapo?"

Hakuwapo. Nikakusanya, nikachukua ile ya Kifaransa, nikachanga, akakata kwa mkono wa kushoto. Mfalme wa shupaza. Nane ya pau. Malkia wa uru. Kabla sijafungua mdomo wifi ameshaegemea meza. "Heh! Na huyu mwanamke ni nani?" Nikamwambia kwamba Wafaransa humsoma mfalme wa shupaza kama mtu wa sheria na mikataba, na malkia wa uru kama mwanamke mwenye maneno mengi, hasa anayeongea usipokuwapo. Wifi akapiga meza. "Ni dada yake yule mzee! Si ndiye anayepita kukusanya kodi?" Kuanzia hapo sikuwa na kazi tena, yeye mwenyewe akasimulia robo saa nzima juu ya familia ile, mambo ambayo kwa karata zile tatu za mwanzo yasingemtoka. Sidai kwamba karata zilijua. Nasema swali lilikuwa la watu, na jozi ikaleta watu.

Na jozi hii ina nasaba! Mwaka 1770 Mfaransa Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, alichapisha kitabu cha kujiburudisha na kutazamia kwa karata 32 za mchezo wa piketi. Akaongeza ya 33, tupu, akaibatiza jina lake, ili isimame badala ya yule anayetazamiwa. Baadaye alihamia kwenye taroti na huko ndiko alikopata umaarufu zaidi, lakini mlango alioingilia ni huu wa karata za kuchezea. Kila karata aliipa maana mbili: moja ikiwa wima, nyingine ikiwa kichwa chini. Shika neno hilo, kichwa chini, kwa sababu tutagombana juu yake.

Zitazame kwa karibu. Kwenye jozi yenye michoro ya Paris, kila picha imeandikwa jina kando ya kichwa. Mfalme wa shupaza ni David, wa pau Alexandre, wa uru César, wa kopa Charles. Malkia ni Pallas, Argine, Rachel na Judith. Maghulamu ni Hogier, Lancelot, Hector, na kwenye kopa La Hire, kapteni wa kweli aliyepigana upande wa Jeanne d'Arc. Nilipoona Judith kwenye kopa nilicheka peke yangu. Yule mjane wa Biblia aliyemkata kichwa Holofernes ndiye aliyewekwa kuwa malkia wa mapenzi! Sasa kila akitokea karibu na mfalme fulani nasita kidogo kabla ya kutoa pongezi. Pembeni hutaona herufi ulizozoea: mfalme ni R, malkia ni D, ghulamu ni V, na ree imeandikwa 1. Kwa muda utakosea, kisha utazoea, na ukishazoea utaona jinsi majina yale yanavyokusaidia kukumbuka tabia. Picha yenye jina ni rahisi kuizungumzia kuliko picha isiyo na jina.

Kasoro? Ipo, na si ndogo. Picha zina vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini, mtindo ulioenea katika karne ya 19 ili mchezaji asilazimike kugeuza karata mkononi na kuwaonyesha wenzake kwamba ameshika picha. Kwa mchezaji ni baraka. Kwa mfuasi wa Etteilla ni balaa, maana David aliyesimama na David aliyepinduka ni yule yule. Wazoefu huweka nukta ndogo ya penseli upande mmoja wa karata, hapo unajua juu ni wapi. Nimefanya hivyo, na nakiri mkono ulinitetemeka kuchafua karata mpya namna ile. Lakini inafanya kazi.

Tuje kwa mbabe wa dunia: Bicycle ya Marekani, inayochapishwa tangu 1885, hii yangu ikiwa na mgongo wa Rider. Jamani, mkono wa karata hizi! Uso wake una vijishimo vidogo vidogo vinavyopitisha hewa kati ya karata na karata, kwa hiyo zinateleza, zinafunguka kama upepeo, na kuchanga kwake ni starehe hata kama huna swali. Mgongoni malaika mdogo anaendesha baiskeli, juu mmoja na chini mmoja, sawasawa kabisa, hivyo karata iliyopinduka haikuambii chochote kabla hujaifunua. Huo ndio mgongo unaofaa kwa kazi hii.

Upande wa uso, shangaa na mimi. Katika karata 52 za mchoro huu wa Kiingereza na Kimarekani, 22 zina juu na chini, nyingine zote ukizipindua hazibadiliki. Ree, 3, 5, 6, 7, 8 na 9 za kopa, shupaza na pau zina upande, kwa sababu alama za katikati zinaelekea juu. Uru zote hazina upande, isipokuwa 7 peke yake, ambayo ina alama moja ya ziada iliyokaa juu ya kitovu. Kwa hiyo ukisoma zilizopinduka kwa Bicycle bila kuweka nukta, nusu ya jozi na zaidi imenyamaza, na uru zimenyamaza karibu zote! Watu hutazama karata miaka na miaka bila kuliona hili.

Ree ya shupaza ya jozi hizi ni kubwa, ya fahari, na wengi huiogopa kama tangazo la msiba. Poleni. Ukubwa ule una asili ya kodi. Uingereza ilitoza ushuru wa karata, na kwa miaka mingi ree ya shupaza ndiyo iliyobeba alama ya serikali kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Wachapaji wakaendelea kuipamba hata pasipo sababu. Mimi ikinitokea nauliza kwanza habari za mamlaka, leseni na karatasi za ofisini, kisha mengine.

Kwa maswali ya "lini" na "kiasi gani" 52 haina mpinzani, kwa sababu ina zile namba ndogo. Mbili, tatu, nne: siku, wiki, vijisenti, vikwazo vidogo. Kwa "nani" inakuwa bubu nusu ya wakati. Halafu kuna vitabu vya Kiingereza vinavyoandamana na jozi hii. Vinagawa watu kwa rangi ya nywele: uru ni wenye nywele nyeupe au za dhahabu, kopa nywele hafifu, pau kahawia, shupaza nyeusi. Basi kwa kanuni hiyo ukoo wangu wote, wa baba na wa mama, ni shupaza! Watu 200 kwenye harusi na wote wanagombania karata tatu. Niliiacha kanuni hiyo siku ile ile nikagawa kwa tabia na kazi: uru wenye biashara, pau wachapakazi, kopa watu wa nyumbani na wapenzi, shupaza wenye vyeo na wenye kinyongo. Imekaa vizuri zaidi.

Ya tatu ni ya Kirusi, karata 36, kuanzia 6 hadi ree, kwa mchoro unaoitwa satini. Uzuri wake unaumiza. Adolf Charlemagne alizichora mwaka 1862, na zikachapwa na kiwanda cha dola cha St. Petersburg ambacho mapato yake yalikwenda kulea watoto waliotupwa. Ndiyo maana kwenye ree ya jozi za zamani kulikuwa na mhuri wa mwari akiwalisha makinda yake. Nyuso za karata hizi si za kikaragosi. Malkia wana shingo, wana mabega, wana lulu. Maghulamu wana macho ya vijana wanaojua kwamba wanatazamwa. Herufi pembeni ni za Kirusi, В, Д, К na Т, na hizo nazo utajifunza kwa dakika chache.

Theluthi kamili ya jozi hii ni watu, kwa hiyo ukitandaza karata tisa utegemee watatu kwa wastani. Ni kipimo kizuri mno. Sita zimebaki humo na Warusi huzisoma kama njia, safari: 6 ya uru njia ya karibu, 6 ya shupaza njia iliyochelewa au yenye giza. Nilipenda hilo sana, kwani jozi ya 32 haina barabara zake rasmi namna hii. Msimu wa kutazamia kwao ulikuwa siku za kati ya Krismasi na sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, wasichana wakitaka kujua watakaowaoa. Na kuna sharti: jozi iliyochezewa hudanganya. Ukikosa mpya, dawa yake ni msichana ambaye hajaolewa aikalie kidogo! Pushkin alipochapisha hadithi yake ya malkia wa shupaza, mwaka 1834, aliwaandikia wasomaji waliokuwa wakimjua bibi huyo nyumbani kwao.

Ingekuwa ya kwanza kwangu kama si jambo moja. Inavutia kupita kiasi. Ninayemtazamia anachukua karata, anaisogeza kwenye taa, anauliza imenunuliwa wapi. Swali lake limepotea.

Shikilia kiti, sasa ni Petit Lenormand! Karata 36 pia, lakini humu uso wote ni picha ya kitu: mpanda farasi, jani la bahati, meli, nyumba, mti, mawingu, nyoka, jeneza, na kuendelea hadi msalaba. Juu ya picha kumechapwa karata ndogo ya kuchezea. Karata ndani ya karata! Marie Anne Lenormand, mtabiri mashuhuri wa Paris aliyezaliwa Alençon mwaka 1772 na kufa 1843, hakuzitengeneza. Jina lake liliwekwa baada ya kifo chake, biashara ikachangamka. Asili yake ni mchezo wa mezani wa Kijerumani uitwao Mchezo wa Matumaini, uliobuniwa na Johann Kaspar Hechtel wa Nürnberg na kutoka karibu mwaka 1799. Karata zilipangwa sita kwa sita, watu wakarusha dado na kusogeza vipande vyao. Ukifika namba 35, nanga, umeshinda. Ukipitiliza ukaangukia 36, msalaba, pole sana. Bado mtu anaweza kuucheza leo kwa jozi hiyo hiyo, na niliucheza, na nilikwama kwenye msalaba.

Mshangao ulioninyima usingizi ni huu. Chukua 9 ya shupaza. Katika vitabu vya Kiingereza ndiyo karata mbaya kuliko zote, hasara, ugonjwa, msiba. Kwenye Lenormand, 9 ya shupaza ni nanga yenyewe, mahali pa ushindi! Shupaza kwa ujumla humo ni waungwana: meli, shada la maua, mtoto, mnara, bustani, barua, bibi, yungiyungi, nanga. Ubaya umehamia kwenye pau. Panya ni 7 ya pau, mlima 8, mbweha 9, dubu 10, fimbo ghulamu, nyoka malkia, mawingu mfalme, msalaba 6. Na katikati ya kundi hilo la wakorofi, ree ya pau ni nini? Pete! Ndoa! Sijui aliyepanga alikuwa na ugomvi gani na mkewe, lakini mimi nilipiga kelele.

Maana yake kivitendo ni kwamba huwezi kubeba ulichojifunza kwenye 52 ukakipeleka Lenormand. Ukijaribu, utamwambia mwenye nanga kwamba anafiwa. Chagua lugha moja usiku huo. Ila ukishakubali, kasi yake haina mfano. Mbweha kando ya barua: maandishi yenye hila, soma mkataba tena. Samaki, ambao ni mfalme wa uru, kando ya jeneza: pesa zimefungwa mahali. Wifi yangu, asiyejua hata karata moja, alianza kusoma mwenyewe baada ya mistari miwili. Tatizo langu ni kwamba picha inamaliza maneno mapema. Nyoka ni nyoka. Mtu akimwona tu ameshaogopa, na huwezi kumrudisha umweleze kwamba yule ni malkia wa pau, huenda ni mwanamke mjanja tu wa kuombwa ushauri. Karata ile ndogo ya juu hakuna anayeitazama.

Ya tano ni ya Kihispania, Fournier, kutoka mji wa Vitoria ambako hadi leo kuna makumbusho ya karata katika jumba la Bendaña. Nina toleo la 40. Humu kopa ni vikombe kweli, uru ni sarafu za dhahabu, shupaza ni panga na pau ni magongo mazito ya kijani yenye vishina vya matawi yaliyokatwa. Rangi zimekolea. Hakuna 8 wala 9. Baada ya 7 unaruka hadi 10, sota, yaani kijana mtumishi, kisha 11 mpanda farasi, kisha 12 mfalme. Na picha zinasimama mwili mzima, kichwa kimoja, miguu miwili! Farasi akipinduka amepinduka, mfalme akianguka kifudifudi unamwona taji likielekea chini. Ile shida ya nukta ya penseli haipo kabisa. Kwa anayependa kusoma zilizogeuka, hii ndiyo jozi, msihangaike na nyingine.

Tazama pia fremu inayozunguka karata. Mstari wake wa juu na wa chini umekatika kwa idadi maalumu: dhahabu haujakatika, vikombe umekatika mara moja, panga mara mbili, magongo mara tatu. Mchezaji akifungua ncha tu za karata anajua ameshika aina gani. Ni ujanja mtamu, ila mtazamiaji usiangalie kando kabla ya wakati, utaharibu.

Sasa kwa nini haikushinda? Watu 12, na wote ni wanaume! Hakuna malkia hata mmoja. Watazamiaji wengi humgeuza sota awe mwanamke, na mavazi yake yanaruhusu, lakini mimi nilikwama pale wifi alipouliza "yule dada yake yuko wapi?" nikamwonyesha kijana mwenye kikombe. Akanitazama tu. Nikiwa hapo nikakumbuka Carmen, opera ya Bizet iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1875. Kwenye tukio lile la kutazamia, wanawake wa Kihispania, milimani, kati ya wafanya magendo, wanafunua karata, na Carmen anayoyaona ni uru na shupaza za Kifaransa. Mahali pale ungetarajia sarafu na panga! Watunzi walijua watazamaji wao wa Paris wameshika karata zipi mifukoni, na labda walijua pia kwamba Carmen asingepata mwanamke mwenzake kwenye jozi ya Kihispania.

Kwa hiyo nimerudi kwa David na Judith. Jozi ya 32 inakosa barabara za Kirusi, inakosa kasi ya Lenormand na ule usimamaji wa Fournier, na bado jioni ikifika ndiyo naichukua. Karata nane kwa kila aina, hakuna uchafu wa mbili na tatu, na kila ninapofunua nasubiri nani anaingia. Ikija picha baada ya picha, malkia, ghulamu, mfalme, mezani panakuwa na kikao cha ukoo na mimi ni katibu tu.

Na la kufurahisha zaidi, huhitaji kuagiza chochote Ulaya ili uonje. Chukua jozi yoyote ya dukani. Toa 2 hadi 6, umepata 32. Mpe jokari nafasi ya 33 asimame badala ya anayeuliza, kama Etteilla alivyotaka. Rudisha sita nne ndani, toa jokari, una 36 za Kirusi bila lulu zao. Toa 8, 9 na 10 kwenye 52, una 40 za Kihispania, na malkia bure juu yake. Zile za bei ndogo zinazonata zikipata unyevu wa pwani, zipake poda kidogo ya mtoto uzichange, zitateleza kwa wiki kadhaa. Kabla ya kulipa, omba uone mgongo. Pindua karata moja kati ya mbili uzilinganishe: kama ua au maandishi yake yanaelekea upande mmoja, irudishe, maana utakuwa unaiona iliyopinduka kabla hata hujaifunua, na mkono wako utaanza kuchagua.